Saa ya Ndoo Kule Eldas

Galbet, Garissa, 1998

Yusuf, mwanangu,

Amani iwe juu yako, wewe na majirani zako wa pale mchangani. Bi Dekha wa nyumba ya pili amenikuta na kalamu, akauliza naandika nini, nikamwambia. Akasema maiti hasomi barua, maiti anangoja dua. Nikamjibu kwamba dua nimeomba tangu alfajiri, sasa nataka kugomba, na Mungu hagombezwi. Kwa hiyo nakugombeza wewe.

Umekula?

Ona sasa. Mkono umeandika wenyewe. Miezi mitano na bado hilo ndilo neno linalotangulia. Nitaliacha hapo, sifuti.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu unajua kiko mdomoni tu, hakijawahi kushuka kwenye karatasi. Mwalimu wa ngumbaru alitufundisha herufi kwa Kiswahili, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisahihisha baada ya chakula, ukicheka nikiandika "bamba" mahali pa pampu. Sasa naandika pampu. Pampu, pampu, pampu. Nimelizoea neno hilo, maana tangu uondoke watu wa Galbet hawana lingine la kunitajia.

Ndilo ninalotaka kukuambia. Najua ungesema, hooyo, mama yangu, achana na mashine, nipe habari ya nyumbani. Habari ya nyumbani ndiyo hiyo mashine. Imeketi katikati ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga.

Kwanza nikuambie nilivyoielewa, maana nilipokuwa nakoroga unga wa anjera nikisema "ee, ee", ulidhani nakuitikia tu. Sikuwa nakuitikia tu. Pale kazini kwako, kituo cha maji kando ya mto, kulikuwa na mashine ya zamani, ilikuja na Wazungu pamoja na pampu. Yenyewe ndiyo iliyokuwa akili ya pampu: iwashe lini, izime lini, maji yaende wapi. Siku moja ikatoa moshi, ikafa. Walioitengeneza walikuwa wamefunga kazi zamani huko kwao, kipuri hakipatikani. Ile akili yake ilibaki kwenye kanda, lakini akili bila mwili itafanya nini? Ndipo ukachukua kompyuta ya kawaida, ile ya kuandikia barua za ofisi, ukaifundisha kujifanya mashine iliyokufa. Iige kila kitu chake, mpaka uvivu wake. Ukaimimina ile akili ndani, ikaamka, ikadhani bado iko kwenye mwili wake wa kwanza. Nilikuuliza kama si dhambi kuidanganya hivyo. Ulicheka mpaka chai, ile shahi yako, ikakutoka puani.

Na ndani yake uliweka wafanyakazi watatu. Ukasema kwa lugha yenu wanaitwa nyuzi, maana kila mmoja anajivuta peke yake ingawa kazi ni moja. Mpimaji anatazama tanki limejaa kiasi gani. Mwashaji anawasha pampu na kuizima. Mlinzi yeye hana kazi ila kuhesabu: pampu ikikimbia muda mrefu na tanki halijajaa, basi bomba limepasuka mahali, afunge kila kitu, awashe taa nyekundu, na maji yasifunguliwe mpaka mtu atembee bomba lote kwa miguu aone. Mlinzi ulimwongeza mwisho, siku zile mvua zilikuwa zimekata barabara na mbu wamejaa hadi ndani ya vyandarua. Ulikuwa na haraka. Ulikuwa na homa pia, na hukuniambia.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Hata matanga hayajaisha, taa nyekundu ikawaka. Maji ya Galbet yakafungwa. Wakaenda kutembea bomba, hakuna mpasuko. Wakafungua. Siku nne, taa tena. Wakasema mpasuko uko chini ya ardhi, wakachimba pale karibu na duka la sukari. Bomba kavu, zima, halina hata ufa. Wakafukia. Juma moja, taa tena, wakachimba pale msikitini. Yusuf, wamechimba Galbet mpaka punda wa maji wanaanguka mashimoni. Na kila wakichimba, maji siku mbili hakuna, na wanawake wanapita mlangoni kwangu na mitungi mitupu.

Hakuna anayenitukana. Afadhali wangenitukana. Wanasalimia, wanauliza hali, halafu Bi Dekha anasema kwa sauti ya huruma, "Mashine ya mwanao imenuna tena." Mashine ya mwanao. Ulipokuwa hai ilikuwa mashine ya serikali. Ilipoanza kudanganya ikawa yako. Msibani walisema Yusuf alituletea maji, miezi mitatu baadaye sokoni nasikia mtu akimwambia mwenzake marehemu alikuwa kijana mzuri ila kazi yake ilikuwa ya kubahatisha. Nilikuwa nimeshika kilo ya vitunguu. Niliirudisha, nikaenda nyumbani bila kitunguu.

Meneja wa maji akaleta mtaalamu kutoka Nairobi. Kijana ana tai, kwenye joto hili la kwetu, Yusuf, tai. Akaketi siku tatu mbele ya mashine yako, akasema imechanganyikiwa, nyuzi zake hazisikilizani, dawa ni kuing'oa yote na kuweka mtambo mpya wa kampuni yake. Wakakubaliana Jumamosi ije ing'olewe. Kila ulichoandika kifutwe. Meneja akaniita kunijulisha, kwa heshima, akanipa na kiti. Alisema nisihuzunike, kazi za binadamu huwa na makosa.

Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa na langu nililolificha. Sasa nalisema, na sikulisema kwa mtu.

Siku ile ya mwisho nyumbani, kabla hatujakupeleka hospitali, uliamka asubuhi macho yana nuru. Ukaniomba nikusimulie tena habari ya kisima chetu cha Eldas. Mara ya tatu wiki ile. Nikakusimulia nikikukanda miguu. Ukanikatiza katikati, ukauliza, "Hooyo, kokoto zilikuwa fungu moja, au kila mji na fungu lake?" Nikasema fungu moja, sasa lala. Ukatabasamu kama mtoto aliyepewa asali. Ukasema, "Nimeiona. Naenda kituoni nusu saa tu, narudi." Ukaanza kutafuta viatu.

Na mimi nilikuwa nimeshavificha. Nyuma ya gunia la mchele. Nilikuona unatetemeka, nikajua utatoka, nikavificha. Ulitafuta chini ya kitanda, ulitafuta mlangoni, nami nimekaa nakutazama na uso mkavu, nasema labda umeviacha msikitini. Ukachoka, ukalala. Ukaomba daftari, nikakupa, nikafurahi kwamba angalau unaandika ukiwa umelala.

Kesho yake hospitali. Keshokutwa nisiseme.

Unajua ni mara ngapi nimejiuliza? Kama ungeenda ile nusu saa. Kama kitu ulichokiona ungekiweka mahali pake, Galbet isingechimbwa na jina lako lisingebebwa mdomoni kama mtungi uliotoboka. Mutua mwenzako wa kituoni alikuwa likizo kwao Kitui, barabara imekatika, hakuna mtu mwingine wa kumwambia. Ungemwambia nani? Mimi? Ndiyo. Mbona hukuniambia mimi, Yusuf? Hapo ndipo ninapokugombeza. Ulikuwa na mama mbele yako ana masikio mawili.

Daftari lako watu wa ofisini walikuja kulichukua, wakasema ni mali ya kazi, wakalifungia kabatini. Nililiomba mara ngapi sijui. Wiki iliyopita, mtaalamu alipomaliza nalo, alilitupa kwenye pipa la karatasi. Mutua ndiye aliyeliokota, akalipitisha kwa Bi Dekha kwa sababu mimi nilikuwa sokoni, akarudi kuchimba. Sasa wamemfanya mchimbaji, huyo Mutua uliyemfundisha mwenyewe miaka miwili.

Nikalifungua. Karatasi baada ya karatasi ni Kiingereza na namba na vijimstari. Napitisha kidole tu, kama mtu anayepapasa ukuta. Karatasi ya mwisho, herufi kubwa kubwa, mkono unatetemeka, na kwa Kiswahili. Nikasoma silabi kwa silabi kama darasani:

"Mlinzi anafanya kama yule mtu aliyelala kisimani Eldas."

Nilisoma mara moja tu. Mara ya pili sikuona, machozi.

Daftari zima Kiingereza, mstari mmoja Kiswahili. Meneja aliuona, mtaalamu aliuona, wakasema hiyo ni homa inaongea. Haikuwa homa. Wewe ulijua kwenye mji huu nani anamjua yule mtu wa Eldas. Uliniambia. Uliniambia na mimi nilikuwa sijui kwamba nimeambiwa, miezi mitano.

Basi nikavaa, nikaenda ofisini. Siku ya kwanza meneja yuko mkutanoni, rudi kesho. Siku ya pili nikampata mtaalamu. Nikaanza, nikamwambia mimi ni mama yake Yusuf, nimejua ugonjwa wa mashine, ni kama kisima chetu kule Eldas nilipokuwa msichana. Alinisikiliza kidogo, sitamdhulumu, kidogo alisikiliza. Nilipofika kwenye ngamia akainua mkono. "Mama, hii ni kompyuta, sio ngamia." Karani akacheka. Nilisimama pale na maneno yamenijaa mdomoni, Kiswahili chote cha ngumbaru kimenikimbia, nikabaki na Kisomali, na Kisomali hawakijui. Nikatoka. Nilikasirika mpaka nikapotea njia, mimi, Garissa hii hii.

Siku ya tatu, Alhamisi, sikwenda ofisini. Nilimtafuta Mutua.

Nilimkuta ndani ya shimo, karibu na pale kwa fundi baiskeli. Shimo linamfika kifuani, jua la saa sita, anarusha mchanga juu, na wanawake wamepanga mitungi yao wakingoja muujiza. Nikainama ukingoni, nikampa chupa ya shahi. Akasema, "Mama Yusuf, mwanao aliniachia urithi wa jembe." Anatania hivyo hivyo, unamjua. Nikamwambia anywe na anyamaze, nina hadithi. Akasema, "Simulia, mimi siendi popote."

Nikamsimulia vile nilivyokuwa nakusimulia wewe.

Kwamba kule Eldas wakati wa kiangazi kisima ni kimoja na miji ya wafugaji, kila mji jamaa na wanyama wao, ni mingi, na hakuna mwenye saa. Zamu inahesabiwa kwa ndoo za ngozi. Kila mji na idadi yake, na kila ndoo ikimwagwa kwenye hori bibi yangu anasogeza kokoto moja. Fungu la kokoto ni moja, liko wazi, kila mtu analiona. Ikifika hesabu, unatoa mifugo yako, mwenzako anaingia, hakuna neno. Jua liwe hapa liwe pale si shauri la kisima.

Siku moja zamu ni yetu, kamba ikakatika. Ndoo imebaki chini. Ndugu yangu na wenzake wakashuka kuitoa, wakaunga kamba, kazi ikachukua muda. Bibi ameweka mkono juu ya kokoto, hesabu imesimama, na wote wamesimama nayo, watu wanakaa wanapiga soga. Wote isipokuwa mmoja. Mtu wa mji unaofuata alikuwa amelala kwenye kivuli cha ngamia wake. Alikuwepo kamba ilipokatika, lakini usingizini. Kamba imeungwa, ndoo ya kwanza ndiyo inapanda, naye anaamka, anatazama jua, anaona limesogea mbali, anapiga kelele kwamba tumeiba zamu yake, anaswaga ngamia wake wote mpaka horini. Fimbo zikaruka. Ndugu yangu akavunjwa mkono, mpaka leo haunyooki. Mifugo hatukunywesha, sisi wala yeye, mpaka siku ya pili.

Hapo Mutua aliacha kunywa. "Rudia hapo, Mama. Alikuwa amelala, akaamka, akatazama nini?"

"Jua."

"Na wengine?"

"Kokoto."

Mchanga unamshuka shingoni na hajifuti. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, eti taa nyekundu ilipowaka kila mara, siku hiyo stima ilikuwa imekatika? Nikamwambia Mutua, Garissa stima inakatika kila siku, mimi nitajuaje. Akasema ndiyo, kila siku, ndiyo maana hakuna aliyeitazama. Lakini kukatika pampu ikiwa inakimbia, na kukatika muda mrefu, hiyo si kila siku.

Akatoka shimoni. Hakutumia hata ngazi. Wanawake wakadhani mpasuko umeonekana, wakashangilia, nikaona haya.

Njiani alinieleza akitembea mbele, mimi namkimbilia na buibui langu. Kwamba stima ikikatika, ile betri ndogo chini ya meza inaipa mashine yako nafasi ya kulala vizuri, iandike kila kitu kilipofikia. Stima ikirudi, inaamka palepale ilipoachia. Mpimaji na Mwashaji wanaamka wanaendelea na hesabu ya kazi waliyofanya, kama hakukupita kitu. Lakini Mlinzi, yule wa mwisho, uliyemwandika na homa, yeye hahesabu kazi. Anasoma saa ya kweli ya kompyuta. Anaamka, anaona pampu iliwashwa saa tatu zilizopita, tanki nusu. Kumbe saa mbili na nusu zake mji mzima ulikuwa gizani na pampu imezimika kama jiwe. Yeye hajui. Anapiga kelele bomba limepasuka, anafunga.

"Wenzake wanatazama kokoto," Mutua akasema, "yeye anatazama jua."

Nikamuuliza kama mashine ya zamani haikuwa hivyo. Akasema ya zamani ilikuwa na saa moja tu tumboni, stima ikikatika wote wanasimama na wote wanaanza pamoja. Hii yako ina watatu, na ukiwa na watatu lazima uwape fungu moja. Nikasema lakini basi si itachelewa, ibaki nyuma ya saa ya ukutani? Akacheka. Akasema kuchelewa hakuvunji mtu mkono, Mama. Kinachovunja ni watatu kila mmoja na saa yake.

Kituoni mtaalamu alikuwa ameenda kula. Mutua akaketi kwenye kiti chako. Sikupenda kukiona kinakaliwa, halafu nikapenda. Aliandika kwa vidole viwili, anafuta, anaandika, anakuna kichwa, anafungua daftari lako, anauliza kwa sauti, "Yusuf, hapa ulikuwa unamaanisha nini bwana?" Mimi nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilihesabu tasbihi nzima mara nne. Alipomaliza akasema sasa tungoje stima ikatike wakati pampu inakimbia, ndiyo tujue.

Tukangoja. Walahi, siku zote naomba stima isikatike, siku hiyo niliomba ikatike. Haikukatika. Kila siku inakatika adhuhuri, siku hiyo taa inawaka kama ya harusi. Saa tisa. Saa kumi kasorobo. Mtaalamu akarudi, akatukuta, akauliza nani amegusa mtambo. Mutua akasimama wima kama mwanafunzi. Huyo Mutua ana watoto wanne na kazi hii ndiyo inayowalisha, nikaona jasho lake.

Nikauliza, "Hii waya si inachomoka?"

Nikainama, nikaichomoa.

Betri chini ya meza ikalia kama mwanambuzi. Mtaalamu akafungua mdomo. Nikamwambia kwa Kiswahili safi kabisa, sijui kilitoka wapi, nikasema, "Keti baba, Jumamosi utaing'oa yote, leo niachie waya moja." Akaketi. Nadhani ana mama.

Kioo kikawa cheusi. Pampu kule nje ikanyamaza, tukasikia mto. Yusuf, nilikuja kuogopa hapo. Nikasema nimeizima kwa mkono wangu, kama nilivyoficha viatu. Nimekuzuia mara ya pili. Mutua akasema tungoje muda wa saa moja na nusu kamili, muda mfupi haumwamshi Mlinzi na hasira. Saa moja na nusu, na kioo cheusi, na mimi nimeshika waya mkononi sitaki kuiacha hata kwenda kusali alasiri mpaka Mutua aliponiapia ataishika yeye.

Nikairudisha mwenyewe. Kioo kikawaka. Maneno yakapita mbio. Mutua akaniwekea kidole mahali pa kutazama: Mpimaji, Mwashaji, Mlinzi, na mbele ya kila mmoja namba. Namba naijua kusoma. Ilikuwa hesabu moja. Ileile, kwa wote watatu, inapanda pamoja, moja, moja, moja, kama bibi yangu anasogeza. Pampu ikanguruma. Tukatazama taa nyekundu. Tukaitazama mpaka macho yakauma. Haikuwaka.

Mtaalamu akasema ni bahati. Akasema turudie. Tukarudia siku iliyofuata, na Jumamosi mara mbili, akachomoa yeye mwenyewe. Mara ya mwisho alivua tai akaiweka mfukoni. Hakuomba radhi, lakini aliniuliza kama kule Eldas kisima bado kipo.

Ungedhani sasa nitakuambia nimefurahi. Sikufurahi. Unajua meneja aliandika nini kwenye ripoti? Mutua alinisomea. "Hitilafu imejirekebisha." Imejirekebisha! Ndoo iliyotoboka hujirekebisha? Kamba hujiunga? Jina lako hakuna, la Mutua hakuna, langu silitaki, lakini lako, Yusuf, kwa nini hakuna? Ilipokosea ilikuwa ya marehemu, ilipopona haina mwenyewe. Na mtambo mpya umeshaagizwa, utakuja tu, labda mwakani, na yako itawekwa stoo. Nimeambiwa nishukuru kwamba haikung'olewa. Nashukuru. Nashukuru na meno yamebana.

Kitu kimoja nitakuambia kisicho na hasira. Mutua alipokuwa anaandika, alisema ile hesabu moja ya wote lazima ipewe jina ndani ya mashine, kila kitu mule kina jina. Akaniuliza iitwe nani. Nilitaka kusema Yusuf. Nikafikiri, nikasema iite Kokoto. Akaandika hivyo, nikaona kwa macho yangu, herufi sita. Kwa hiyo siku watakapoing'oa itabidi kwanza waulize Kokoto ni nini, na mtu awaambie.

Na Bi Dekha. Juzi stima ilikatika mchana kutwa, maji ya Galbet yakaendelea kutoka iliporudi. Alikuja na mtungi umejaa, akautua mlangoni kwangu, akasema nimekuchotea. Mfereji uko hatua kumi. Nikampokea.

Viatu nimevitoa nyuma ya gunia. Kimoja kilikuwa na mchele ndani. Nimevipangusa. Ndugu zako wanasema nivitoe sadaka, na nitavitoa, inshallah, lakini kwanza nilitaka uvione mahali pake mlangoni, ujue hukuviacha msikitini. Nilikudanganya. Nisamehe.

Sikukumalizia hadithi ya Eldas, ulinikatiza kila mara. Wazee walikaa baada ya ile fimbo, wakahukumu, na hukumu yao ndiyo sheria ya kile kisima mpaka leo: aliyekatikiwa na kamba hakatikiwi na zamu. Hesabu yake inamngoja pale ilipofika, hata jua lizame. Hakuna mwenye ruhusa ya kusogeza kokoto zake.

Nimerudi ngumbaru. Nimemwambia mwalimu nataka herufi za Kiingereza sasa, akauliza za nini, nikasema nina daftari. Nitalisoma lote, mwanangu, hata nikichukua miaka, karatasi moja moja mpaka ule mstari wangu wa mwisho.

Lala salama. Kamba imekatika, ndoo yako iko chini, sisi tumesimama. Mkono wangu uko juu ya kokoto.

Hooyo